Miwani mbili na kanzu kumi na moja: maoni ya fundi wa Kibokoni

Nianze na bei, maana najua wengi wenu mtaitafuta hiyo kwanza. Miwani ya wachuuzi wa soko la Marikiti, shilingi 250. Miwani ya kupimwa, ile yenye mstari katikati ya kioo, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, 7,500 pamoja na fremu. Miwani ya pili ya kupimwa, ya kazi peke yake, 3,800 baada ya mabishano ya nusu saa. Zote tatu nimezivaa, na zote tatu ziko hapa mezani ninapoandika.

Duka lenyewe, la kupima macho na kuuza miwani, liko Mombasa mjini, hatua chache kutoka Digo Road. Jina silitaji. Walinikosea, wakajirekebisha, sitaki mtu aende kuwagombeza kwa niaba yangu.

Mimi ni fundi wa kanzu. Nina miaka 54, na cherehani nilianza kuikanyaga nikiwa na 16, barazani kwa marehemu baba. Kwa wasiojua kazi yetu: kanzu ina badani mbele na nyuma, ina taharizi ubavuni, ina vikwapa, na shingoni ina kaba. Hapo shingoni ndipo tunapodarizi kwa mkono, uzi juu ya uzi. Mtu wa Mombasa akija kununua kanzu wala haangalii badani. Anaishika shingo, anaigeuza ndani nje, anaangalia mgongo wa darizi. Ukiwa mchafu anaitundika pale pale alipoitoa, anakuuliza hali ya watoto, anakwenda zake.

Nilipofika arubaini na kitu uzi ukaanza kunikataa kwenye tundu la sindano. Sikujali sana. Kibokoni watoto hawaishi, nikawa namwita yeyote apitaye, "Mwanangu, hebu nitungie," ananitungia anakwenda. Baadaye nikaenda Marikiti. Mnaijua ile mbao ya miwani, kila moja na kibandiko chake: +1.00, +1.50, +2.00. Unajaribu moja moja huku umeshika pakiti ya majani ya chai, ile itakayokuonyesha maandishi madogo unailipia. Nikaanza na moja na nusu. Miaka ikapita, nikapanda mbili. Mwaka jana nikaruka mpaka tatu, na nikajiona mjanja, kama mtu aliyeongezwa cheo kazini.

Namba ile si cheo. Hili nimelijua nikiwa nimekwisha kuumia mgongo, na laiti mtu angenieleza mapema. Chukua mita moja, igawe kwa namba iliyoko kwenye kibandiko. Moja gawa kwa tatu ni sentimita 33, yaani inchi 13. Huo ndio umbali ambao kioo cha +3.00 kinalenga, kwa mtu ambaye jicho lake halina tena nguvu ya kujivuta. Kitu kikiwa mbali zaidi ya hapo kinaanza kufifia. Sindano ya cherehani yangu iko inchi 21 kutoka usoni nikikaa sawasawa. Basi mwaka mzima nimeshona nikiwa nimeinama kama mtu aliyeangusha pete kwenye mchanga, jioni namlaumu mtengeneza kiti.

Lililonipeleka kupimwa, hata hivyo, halikuwa mgongo. Nilimpita shemeji yangu kwenye barabara ya Ndia Kuu mchana kweupe. Akanipungia mkono, mimi nikamtazama usoni nikaendelea na safari yangu. Kufika Ijumaa habari zimeshaenea kwamba fundi siku hizi ana maringo. Mke wangu akaniambia, "Nenda ukapimwe, au nenda ukaombe radhi. Chagua." Nikaenda kotekote.

Sasa huduma yenyewe. Mpimaji ni binti mdogo, pengine hajafika thelathini, mpole, ananiita baba. Kwanza akanikalisha kwenye mashine moja, unaweka kidevu, unatazama ndani unaona puto mwisho wa barabara ndefu. Picha inafifia, inakolea, mashine inajiandikia yenyewe. Nyingine inakupulizia hewa jichoni ghafla, hiyo ni ya kupima presha ya jicho. Niliruka kitini. Akaniuliza kama nina sukari, nikamwambia bado alhamdulillahi, akasema mwenye sukari asikose kukaguliwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, kwa sababu sukari huharibu nyuma ya jicho kimyakimya. Nayaandika haya kwa sababu nyumba ngapi hapa mjini hazina mtu wa sukari?

Kisha akanivisha fremu nzito ya chuma akawa anachomeka vioo kimoja kimoja. Hiki au hiki? Cha kwanza au cha pili? Mimi nikiulizwa hivyo dukani kwangu kuhusu kitambaa najibu papo hapo. Pale nilitoka jasho.

Halafu akanionyesha picha ya mistari iliyotawanyika kama miale ya jua, akafunika jicho langu la kulia, akauliza mistari ipi imekolea. Nikatazama. Ile iliyosimama ilikuwa nyeusi, kali, kama imepigwa kwa wino na rula. Ile iliyolala ilikuwa kama imemwagikiwa na maji. Nikamwambia labda karatasi yenu imechakaa. Akacheka kidogo, akachomeka kioo kimoja, akakizungusha polepole kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mara mistari yote ikawa sawa.

Nilinyamaza. Mwenye kazi ya nguo atanielewa kwa nini. Kitambaa ni mtande na mshindio, basi. Kuna nyuzi zinazosimama na nyuzi zinazolala. Jicho langu la kushoto lilikuwa linaona mtande na kuusahau mshindio, na sijui kwa miaka mingapi. Binti akanieleza kwamba uso wa mbele wa jicho langu haukuviringana sawa, umebonyea upande mmoja kuliko mwingine, na kwamba miwani ya mbaoni haiwezi kulitibu hilo hata uinunue kwa namba gani, kwa kuwa vioo vyake viwili vinafanana na havina upande. Hilo la kutoona karibu ni jambo jingine, la umri, humpata karibu kila mtu akishapita arubaini. Akatafuta mfano, akauona mkanda wa futi ukining'inia shingoni mwangu, akasema, "Baba si fundi? Ni kama lastiki ya kiunoni. Ikizeeka bado ni lastiki, ila haivutiki."

Mfano mzuri. Lakini dakika mbili baadaye aliniuliza nasoma kwa umbali gani, nikamwambia mimi sisomi sana, mimi nashona, naye akaandika kwenye fomu: kusoma. Nililiona neno lile kwa miwani yake ya majaribio, likiwa safi kabisa, na sikusema kitu. Kwa hiyo lawama tugawane.

Waliniambia wiki moja. Zikawa siku kumi na mbili, mara vioo viko njiani kutoka Nairobi, mara vimefika mtu wa kuvikata hayupo. Kwa hili nawakata alama.

Miwani ya mstari nimeivaa mara ya kwanza nikitoka mlangoni mwao, nikaenda kwa miguu mpaka kwangu. Kwa kawaida ni mwendo wa dakika kumi na tano. Nilitumia saa nzima. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo na kanga zake, na kutoka ng'ambo ya barabara nikalisoma jina la kanga, neno kwa neno, nikacheka peke yangu, kwa sababu lilikuwa kali na nikamhurumia aliyekusudiwa. Miaka mingi kanga kwangu zilikuwa rangi na pindo. Nilikuwa nimesahau kwamba zinasema.

Ndia Kuu kuna mlango ambao nimeupita tangu naenda chuoni na juzuu kwapani. Ungeniuliza ningekuapia kwamba fremu yake ina ukingo wa kawaida, kamba iliyopindwa. Ni mnyororo. Umechongwa pete moja ndani ya nyingine kutoka chini mpaka juu, ukavuka kizingiti ukashuka upande wa pili, na chini kulia, karibu na usawa wa goti, kuna pete nne ambazo si za fundi yule. Mbao yake imepauka namna nyingine na zimechongwa kwa haraka, pete ya tatu haikufunga. Mtu aliziba pengo. Nilichuchumaa pale mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini?"

Nisiipambe sana lakini. Mlangoni kwangu kuna kidaraja kimoja cha jiwe, yaani kipandio. Nimekipanda maelfu ya mara nikiwa nimebeba jora za kitambaa. Siku ile nilitazama chini, jicho likapita kwenye kile kipande cha chini cha kusomea, kidaraja kikaja juu, mguu ukakikosa, nikatua kwa viganja mbele ya wateja wawili. Wenye nyumba za ngazi, na Mji wa Kale nani hana, ngazi zetu zile nyembamba zenye giza: mkivaa miwani ya mstari inamisheni kichwa chote, si macho peke yake, au ivueni. Dukani hakuna aliyenionya.

Na kwenye cherehani ikawa haifai kabisa. Kioo cha juu ni cha mbali, sindano hakuna. Kioo cha chini ni cha gazeti, inabidi niinue kidevu na kusogeza uso, shingo ikapinda kinyume na ilivyokuwa ikipinda zamani. Nikairudisha kesho yake. Wakasema vioo vikishakatwa pesa hazirudi, imeandikwa kwenye risiti. Imeandikwa kweli, kwa herufi ambazo mtu huenda kununua miwani ndipo azisome. Nikamwambia mwenye duka hivyo hivyo. Hakucheka.

Binti ndiye aliyeokoa jahazi. Alitoka chumbani kwake akasema, "Baba, kesho njoo na kazi yako." Nikaenda na kanzu yenye darizi nusu, nikakaa kwenye kiti chao kana kwamba niko kwa cherehani, yeye akachukua futi yangu mwenyewe akapima. Sindano ya mashine, inchi 21. Shingo ya kanzu mkononi, inchi 15. Akaandika, akafikiri, akasema atanipa kioo kimoja tu kisicho na mstari, +1.75, na cha kushoto kitakuwa na ule upande wake wa kusawazisha mistari. Nikamwuliza mbona namba imeshuka wakati mimi nilikuwa kwenye tatu. Akasema jicho langu bado lina nguvu kidogo ya kujivuta, kioo kinifikishe kwenye mashine, na mkononi hiyo nguvu iliyobaki inafika yenyewe. Kubandika kioo kizito juu yake ni kuifunga. Sijawahi kuelezwa jambo la mwili wangu kwa namna niliyolielewa hivyo.

Hiyo ya pili ilichukua siku nne.

Nimeivaa dukani asubuhi ya Jumatano. Kwenye kamba kulikuwa na kanzu kumi na moja zimekwisha, zinasubiri wenyewe, zote darizi yangu. Nikashusha moja, si kwa kuikagua, ni kwa kutaka kuifurahia miwani kwa kazi yangu mwenyewe. Nikaigeuza shingo.

Mkono wa fundi ni kama mwandiko wake. Mimi nikimaliza uzi huwa nafunga fundo dogo kisha nalikata karibu. Baba alifanya hivyo, nami nafanya hivyo. Kwenye kaba ile, sehemu iliyosimama kifuani ilikuwa na mafundo yangu. Nilipofika sehemu inayolala, nyuma ya shingo kutoka bega hadi bega, mafundo hayakuwapo. Uzi uliingizwa chini ya mishono mitatu ukapotea humo, kazi safi, imebana, inalala kama nywele zilizochanwa. Si yangu. Nikashusha ya pili. Hivyo hivyo. Katika kanzu kumi na moja, tisa zilikuwa na mkono wa mtu mwingine, na kila mara ni mahali pale pale, ile mishono iliyolala. Mshindio.

Nina kijana wa kazi, anakaa Kisauni, ana miaka 22, yuko kwangu mwaka wa tatu. Anakata, anapiga pasi, anatia vifungo. Darizi sijampa. Kijana huyu ana tabia ya kubaki dukani baada ya Isha, anasema anamalizia pasi. Nilikuwa nikiona tokeni za stima zinakwisha upesi nikajua tu, huyu anabaki kuchaji simu na kutazama mipira. Mwezi wa pili nilimkata shilingi 500. Hakubisha.

Aliingia saa tatu akanikuta na kanzu zote mezani, shingo juu. Akasimama mlangoni.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

"Tangu Ramadhani ile ya mwaka jana, ami. Uzi ulikuwa umelegea kidogo."

"Kidogo?"

Akatazama chini. "Nilikuwa nafumua ule uliolegea tu."

Nikamwambia angenieleza, mimi si mtu wa kuelezwa? Akajibu kwa adabu yote, hata hakuinua sauti: "Nilikueleza ami. Ukanipa shilingi 250 ukanituma Marikiti nikakuletee namba tatu."

Ni kweli. Namkumbuka akirudi nayo kwenye mfuko wa kaki.

Zile 500 nimemrudishia, na juu yake kitu ambacho ni kati yangu na yeye. Shingo za nyuma sasa ni zake, waziwazi, kwa malipo ya darizi. Tangu siku hiyo wateja wawili watatu wameigeuza kanzu ndani nje kama kawaida yao, wakasema, "Mkono haujabadilika, fundi," nami nikawaambia umebadilika zamani, ni sisi hatukuona.

Mengine ya kujua kabla hujanunua. Jasho na hewa ya chumvi vinaharibu skrubu ndogo za pembeni, zangu zimelegea mara mbili katika miezi minne. Usifute kioo kikavu kwa pindo la nguo kama nilivyofanya mimi siku ya tatu, vumbi lina mchanga, utakichora. Kioshe kwa maji na sabuni kidogo, kisha kitambaa laini. Miwani ya mstari sasa naivaa njiani, na shemeji namsalimia mimi kwanza hata akiwa mbali asiponiona. Ile ya Marikiti sijaitupa, huwa inakaa kwenye droo ya chaki kwa ajili ya kung'oa miiba.

Ningewapa alama nne kati ya tano kama si zile siku kumi na mbili na kile kidaraja. Nawapa tatu na nusu, na binti peke yake nampa tano.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kijana naye apimwe. Miezi mingi ameshona usiku chini ya balbu moja. Kwenye fomu yao sasa wameongeza mistari miwili kwa kalamu ya mkono, hata haijachapishwa: Kazi yako. Umbali wa kazi. Akajaza jina na umri, akafika hapo akasimamisha kalamu, akanitazama. Nikamwambia aandike fundi. Akaandika. Kwenye umbali akaandika inchi 15, bila kuomba futi.